Mponya Moyo na Mgonjwa Wake: Je, Wapendane?

Katika mji wa Bukavu iko hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 na mganga Denis Mukwege, yule aliyepewa tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2018. Wengi wenu mwaijua. Hapo wako wanawake ambao kazi yao si kupasua wala kupiga sindano. Kazi yao ni kukaa pamoja na wenzao waliotendewa jeuri wakati wa vita: kuwapokea, kuwasikiliza, kuwa karibu nao siku za matunzo. Kwa Kifaransa huitwa mamans chéries, maana yake mama wapendwa.

Jina hilo ni zuri, lakini latupasa kufikiri. Mama hana saa ya kutoka kazini, wala hangoji mshahara mwisho wa mwezi. Huyu anayeitwa mama hospitalini ana saa zake na mshahara wake, na jioni anarudi kwa watoto wake mwenyewe. Tena mgonjwa akiisha kupona ataondoka, na pengine hawataonana tena. Je, jina hilo ni la kweli, au ni kumdanganya mtu mwenye uchungu?

Swali hili si la Panzi peke yake. Lawahusu wanasaikolojia wa mjini, masista wanaosikiliza wajane, makatekista, na viongozi wa mashirika wanaogongewa mlango usiku na watu wenye machozi. Je, yafaa mgonjwa ampende anayemtunza? Na yule anayetunza, je, yafaa ampende mgonjwa wake?

Wengine husema: Hapana. Msaidizi afanye kazi yake kama fundi wa saa. Saa haimpendi fundi, wala fundi haipendi saa, na bado inatengenezwa. Wengine husema: Ndiyo, tena bila mpaka, kwa maana Mkristo hapimi upendo kwa kijiko. Sisi twaona ya kuwa wote wawili wamekosa njia, na hapa twataka kueleza kwa nini.

Mtoto na mahali pa kurudia

Mambo haya huanza mbali, tangu mtoto yu mgongoni mwa mama yake. Mwingereza mmoja, John Bowlby, aliyezaliwa London mwaka 1907, aliyachunguza karibu maisha yake yote. Yeye mwenyewe alilelewa na yaya, kama ilivyokuwa desturi ya matajiri wa siku zile. Alipokuwa na miaka karibu 4, yaya aliyempenda aliondoka, na hata katika utu uzima wake Bowlby hakuisahau huzuni hiyo. Mwaka 1951 aliandika taarifa kwa ajili ya Shirika la Afya la Ulimwengu, akionyesha ya kuwa mtoto anahitaji kifungo cha upendo kisichokatika-katika, pamoja na mama yake au mtu anayeshika mahali pa mama. Akafundisha tena ya kuwa mtoto hamshiki mama kwa ajili ya maziwa tu. Mama ni mahali pa kurudia. Mtoto akijua kwamba mahali pale papo, aenda kucheza mbali, atazama mambo mapya, hata aanguka na kuinuka. Asipojua, hathubutu kwenda popote, au huenda bila kutazama nyuma, kama mtu asiye na kwao.

Mwenzake mmoja, James Robertson, alionyesha jambo hili kwa filamu mwaka 1952. Mtoto wa kike wa miaka 2 aliwekwa hospitalini siku 8. Siku zile hospitali nyingi za Uingereza hazikuwapa wazazi ruhusa ya kukaa na watoto wao. Robertson alikuwa amekwisha kuona kwa watoto wengi ya kuwa kuachwa kwao kuna hatua tatu: kwanza hulia na kumtafuta mama, baadaye hukata tamaa na kunyamaza, mwisho huwa kama wasiojali, na mama akija hugeuza uso. Waliowatunza walidhani ya kuwa mtoto aliyenyamaza amezoea. Kumbe hakuzoea, alikuwa ameacha kutumaini. Tuliweke neno hili moyoni, tutalirudia: si kila aliyenyamaza amepona.

Kisha mwanamke aliyekuwa amefanya kazi na Bowlby, jina lake Mary Ainsworth, alifika hapa jirani kwetu Uganda mwaka 1954. Katika vijiji karibu na Kampala alizitembelea nyumba 26 zenye watoto wachanga, akirudi tena na tena kwa muda wa miezi, pamoja na mkalimani. Alitaka kujua hasa habari ya kuachishwa ziwa, mtoto anapotengwa na kifua cha mama. Aliona watoto wenye kutulia, ambao mama alikuwa kwao kama kituo cha safari zao ndogo. Akaona na wengine wenye kulia na kung'ang'ania hata mama alipokuwapo. Katika kitabu chake cha mwaka 1967 aliandika jambo la ajabu kidogo. Mama za watoto wenye kutulia walikuwa kwa kawaida wale walioweza kumweleza mengi juu ya mtoto: anapenda nini, anaogopa nini, jana alifanya nini. Yaani walikuwa wamemtazama mtoto wao, si kumbeba tu.

Mtu mzima na moyo wa utoto

Mtauliza: habari za watoto zina neno gani na mtu mzima aliyekuja kutafuta msaada? Zina neno kubwa. Mtu akipatwa na msiba mzito, kufiwa, kutendewa jeuri, kukimbia kijiji chake, moyo wake hurudia njia ulizojifunza zamani. Aliyezoea kupata wa kumwitikia, hulia na kupokea faraja. Aliyezoea kuitikiwa leo na kusahauliwa kesho, humshika msaidizi kwa mikono miwili na papo hapo kumgombeza. Na aliyezoea kutoitikiwa kabisa, husema, «Sina neno.»

Tutoe mfano. Hatusemi habari ya mtu fulani, maana wako wengi. Mama mmoja amefika kwa mwenye kumsikiliza. Juma la kwanza asema, «Sina neno, ni kichwa tu kinaniuma.» Juma la pili vile vile. Juma la tatu msikilizaji amechelewa nusu saa kwa ajili ya mvua. Mama huyu ajibu ndiyo na hapana tu, na juma la nne haji kabisa. Msikilizaji asiyejua mambo atasema, «Huyu hana shukrani.» Mwenye kujua atawaza: labda ameachwa mara nyingi, hata amejifunza kuondoka yeye kwanza kabla hajaachwa tena. Siku atakaporudi hatamkemea. Atasema, «Mama, siku ile nilichelewa, nawe uliketi hapa peke yako. Nadhani iliuma.» Pengine kwa neno hilo dogo mlango utafunguka, kwa maana hajapata kuona mtu aliyemwumiza akimrudia na kukiri ya kuwa ameona.

Hiyo ndiyo sababu Bowlby, katika mafundisho yake yaliyochapwa mwaka 1988, alisema ya kuwa kazi ya kwanza ya mponya moyo ni kumpa mgonjwa mahali pa kutegemea, apate kuyatazama mambo yaumizayo ambayo peke yake hathubutu kuyatazama. Basi fundi wa saa amekwisha kushindwa. Saa haihitaji kumtumaini fundi. Mtu asiyemtumaini msaidizi wake hataufungua moyo wake, na moyo usiofunguliwa hautunzwi. Kushikamana huku kwa mgonjwa na mtu anayemtunza si kosa lililoingia katika kazi. Ndiko sehemu kubwa ya dawa yenyewe.

Moyo wa yule anayetunza

Lakini dawa yenye nguvu huweza kuua pia. Sigmund Freud, mganga wa Vienna, hakuwa mtu wa imani, na mengi aliyoyasema juu ya dini hatuyakubali. Hata hivyo aliona jambo moja la kweli. Aliona ya kuwa wagonjwa humhamishia mganga upendo na hasira zilizokuwa za watu wengine wa zamani: baba, mama, ndugu. Mwaka 1915 aliwaonya waganga wenzake: mgonjwa akikupenda, usidhani ni kwa uzuri wako. Upendo ule umetoka katika hali ya matunzo yenyewe. Si mali yako, usiutumie.

Kumbe mwenye kutunza hana budi kujua mambo mawili kwa pamoja: moyo wa mgonjwa, na moyo wake mwenyewe. Na huu wa pili ndio mgumu. Moyo wa mtu ni msitu, wasema wazee, nasi twadhani wasema juu ya moyo wa jirani. Msitu wa kwanza ni wetu wenyewe.

Tazameni namna mama anavyomfundisha mtoto kuujua moyo wake. Mtoto alia, hajui analilia nini. Mama asema, «Una usingizi.» Siku nyingine, «Umekasirika kwa kuwa kaka amekunyang'anya.» Hivyo pole pole mtoto hupata majina ya mambo yaliyo ndani yake. Wako watu wazima waliokosa majina haya. Katika miaka ya 1970 mganga mmoja wa Boston, Peter Sifneos, aliipa hali hiyo jina la Kigiriki, aleksitimia, yaani kukosa maneno ya kuutaja moyo. Haifai kudhani kwamba kila asemaye «moyo unanipiga» au «mwili wote wawaka moto» ni wa namna hiyo. Kwetu mwili ni lugha, na lugha nzuri. Lakini mwenye kusikiliza amsaidie mtu avuke kutoka kichwa kinachouma mpaka huzuni iliyomo. Naye atamvusha vipi, ikiwa mto huo yeye mwenyewe hajauvuka?

Hapa twaona makosa mawili, nasi watu wa Kanisa tumeyatenda yote mawili.

Kosa la kwanza ni kuufunga moyo. Mjane aja, aanza kulia. Mara tunamwambia, «Nyamaza, mama, ni mapenzi ya Mungu. Tusali.» Sala ni njema, lakini tujiulize: tumesema hivyo kwa ajili yake, au kwa sababu machozi yake yanaamsha machozi yetu tuliyoyazika? Tangu mwaka 1996 vita vimepita mara nyingi juu ya nchi yetu ya mashariki. Ni nani kati yetu asiye na kaburi moyoni? Mjane yule atanyamaza, na sisi tutadhani tumemfariji. Mkumbuke yule mtoto wa London. Yesu alijua vema ya kuwa dakika chache baadaye Lazaro atatoka kaburini, na bado alilia pamoja na Maria. Hakutumia ufufuko kuyafunga machozi ya mtu.

Kosa la pili ni kuufungua moyo kama mwenye njaa. Msaidizi mwenyewe hakupendwa vya kutosha, au nyumbani kwake hakuna amani. Sasa mgonjwa amwita mama, amwita baba, amwita mwokozi wake, na neno hilo ni tamu kama asali. Pole pole amruhusu kuja saa zote. Afurahi kusikia kwamba hawezi kuamua neno bila yeye. Mgonjwa akianza kupata nguvu, akipata rafiki wapya, akikosa juma moja kwa sababu alikwenda sokoni akasahau, msaidizi aona uchungu. Hapo mambo yamegeuka: mgonjwa ndiye anayemlisha mganga wake. Na wako waliokwenda mbali zaidi, wakautumia udhaifu wa mtu kwa tamaa ya mwili. Hiyo si kazi ya kuponya iliyokosewa kidogo. Ni wizi, tena wizi wa kitu kitakatifu, kwa maana mtu alikuja na jeraha lake la zamani likafunguliwa upya na mkono alioutumaini.

Dinari 2 za Msamaria

Turudie sasa swali la mshahara na saa, maana wengi hukwama hapo. Husema: upendo wa kulipwa si upendo.

Mwaijua habari ya Msamaria mwema. Kwa kawaida twamtazama yeye tu. Lakini katika habari ile yuko mtu mwingine tunayemsahau: mwenye nyumba ya wageni. Msamaria alimpa dinari 2 ili amtunze yule majeruhi. Huyu alikuwa mtunzaji wa kulipwa. Je, kwa kuwa alipokea fedha, maji aliyompa mgonjwa yalikuwa ya uongo? Bwana wetu hakumdharau. Kumlipa mtu ili awe na nafasi ya kumtunza mwingine si kuununua moyo wake. Fedha hununua saa, haiwezi kununua huruma iliyomo ndani ya saa hiyo. Huruma hiyo huitoa mwenyewe au huinyima.

Tena mtazameni Msamaria. Alihurumia, alikaribia, alifunga majeraha kwa mikono yake, alimpandisha juu ya mnyama wake. Hakuwa fundi wa saa. Lakini kesho yake aliondoka, akaendelea na safari yake. Hakukaa kando ya kitanda mpaka majeruhi ajue jina lake na kumsifu. Wala hakutoroka kimya-kimya: alisema ya kuwa atarudi. Alijua kuja na alijua kwenda, na mambo yote mawili aliyafanya wazi.

Basi mpaka si ukosefu wa upendo. Msaidizi asemaye, «Tutaonana siku ya Nne, saa tatu, nami nitakuwapo,» na kweli akawapo, amempa mgonjwa zawadi kubwa kuliko yule aahidiye kuwapo sikuzote na asiweze. Wa kwanza amejenga mahali pa kurudia. Wa pili amemfanya aachwe tena mara moja zaidi, yeye aliyekwisha kuachwa mara nyingi. Neno «mama» linakuwa uongo likiahidi yasiyowezekana. Linakuwa kweli likisema hivi: katika saa hii, mbele yangu, wewe si mzigo wala si kazi, nakutazama kama mama amtazamavyo mtoto wake, naye aweza kueleza habari zake.

Na upendo huu, kama ule wa mama, una mwisho wake wa kuachisha ziwa. Mama mwenye akili haamki siku moja na kumsukuma mtoto. Wala hamnyonyeshi mpaka aende masomo, kwa kuwa yeye mwenyewe anapenda kunyonyesha. Huachisha pole pole, akimpa chakula kingine. Vivyo hivyo msaidizi huonya mapema ya kuwa siku zitakwisha. Huruhusu mgonjwa akasirike na kuhuzunika kwa ajili hiyo. Na humpeleka kwa watu wake: ndugu, majirani, shirika. Asubuhi ya Pasaka Maria Magdalena alitaka kumshika Bwana. Yesu alimwita kwa jina lake kwanza, ndipo alipomkataza kumshika, akamtuma kwa ndugu. Aliitwa, akaachiliwa, akatumwa. Hatujui njia iliyo bora kuliko hiyo.

Maneno ya mwisho

Jibu letu basi ni hili. Ndiyo, mgonjwa na ampende anayemtunza, asione haya. Hawezi kupona kwa mtu asiyemtumaini. Ndiyo, mwenye kutunza na ampende mgonjwa wake, lakini kwa upendo unaojijua. Asiyejua njaa yake mwenyewe atakula katika sahani ya mgonjwa bila kufahamu.

Ninyi mnaosikiliza wengine, hata bila mshahara wala cheti, jiulizeni jioni, kabla ya kulala, maswali matatu. Leo, mtu alipolia mbele yangu, nilifanya haraka kumnyamazisha? Je, nilifurahi kwa kuwa amepata nguvu, au kwa kuwa ameonyesha kwamba ananihitaji? Na mimi mwenyewe, ninapoumia, ninaye mtu wa kumwendea? Swali la tatu lisidharauliwe. Kisima kisichopata maji hukauka, hata kikiwa cha misioni. Mwenye kutunza naye ana haki ya kutunzwa: na padri wake, na rafiki wa kweli, na mwenzake wa kazi mwenye uzoefu wa kumsikiliza.

Na wewe uliyekuja kuomba msaada ukajiona umemshika mtu kwa nguvu kuliko ulivyotaka, usijidharau. Kushika si dhambi. Mtoto hushika kidole cha mama ndipo ajifunze kutembea. Siku moja utaona mkono wako umeachia bila wewe kufahamu, na miguu yaenda yenyewe. Siku hiyo, kama aliyekutunza ni mponya moyo wa kweli, atasimama mlangoni akikutazama ukienda, naye atamshukuru Mungu.